Herufi zenye kivuli kwenye jalada: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Kitabu cha jubilei ya parokia, historia ya ukoo, mashairi ya mwalimu mstaafu, nyimbo za kwaya: kazi za namna hii huletwa kila mara kwenye steshenari na viwanda vidogo vya uchapaji vya Arusha na Moshi, na wenye kazi wengi wana ombi linalofanana. Wanataka jina la kitabu liandikwe kama vitabu vya zamani, herufi nene zilizoinuka, zenye kivuli ubavuni. Ni ombi la maana. Kitabu cha ukoo kitakaa sebuleni mpaka wajukuu wakikute, kwa hiyo jina lake lazima lisimame.

Malalamiko yanayofuata baada ya kuchapa nayo yanafanana, na ndiyo niliyoyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili kuna sababu zake, ya kwanza ikiwa ndiyo inayotokea zaidi.

Sababu nyingi kati ya hizi zina mzizi mmoja: kivuli kimechukuliwa kuwa pambo la kubofya kwenye kompyuta, wakati kwenye majalada ya zamani kivuli kilikuwa umbo kamili, lenye kingo zake na wino wake. Vincent Figgins wa London alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuuza herufi za chapa zenye kivuli, mwanzoni mwa karne ya 19. Kule Marekani, Darius Wells alianza kukata herufi za mbao kwa mashine mwaka 1827, na mwaka 1874 William H. Page akatoa kitabu cha sampuli za herufi za mbao za rangi. Katika herufi hizo za Page, herufi moja ilikuwa na vibao viwili au zaidi, kimoja cha uso na kingine cha kivuli, vikachapwa kimoja juu ya kingine. Kivuli kilikuwa na kibao chake. Fanya kazi ukiwa na picha hiyo kichwani, hata kama unatumia programu za kuchorea kama CorelDRAW, Illustrator au Inkscape.

Kabla ya kutafuta ugonjwa, fanya ukaguzi wa haraka. Punguza jalada lote mpaka upana wa sentimeta 2 kwenye simu, maana siku hizi kitabu kinauzwa kwanza kwenye WhatsApp. Jina likipotea hapo, tatizo ni la mchoro na mashine haina kosa. Kisha geuza kila kitu kiwe kijivu uone kama herufi, kivuli na usuli bado vinatofautiana. Mwisho weka kidole kwenye kona ambako mwanga unatoka, ufuate herufi moja baada ya nyingine. Kila kivuli lazima kianguke upande uleule.

"Mangi, mbona jina linatetemeka?"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Mteja anatazama jalada na kuona kama maneno yamechapwa mara mbili, au kama mashine ilisogea. Mara nyingi mashine haikusogea hata kidogo.

Sababu ya kwanza: kivuli ni nakala tu ya herufi iliyosogezwa kulia na chini, bila kuunganishwa na herufi yenyewe. Jicho linaona maneno mawili yanayogombea nafasi moja. Herufi ya zamani iliyoinuka ina ubavu, na ubavu unaanzia kwenye kona ya herufi na kuishia kwenye kona ileile ya nakala. Kwa hiyo baada ya kusogeza nakala, chora mistari ya mshazari kutoka kila kona ya herufi ya juu hadi kona yake ya chini, kisha unganisha yote yawe umbo moja nyuma ya herufi. Kwenye E kazi ni rahisi, kona zinajionyesha. Kwenye O na S ndipo watu wanapoharibu. O haina kona. Kivuli chake kikielekea kulia na chini, kinaanza bila unene wowote juu kulia, kinanenepa taratibu kadiri kinavyozunguka, kinafikia unene wake wote chini kulia, kisha kinakonda tena mpaka kinaisha chini kushoto. Ndani ya tundu la O ni kinyume: kivuli kinaonekana upande wa juu kushoto. Ukiikuta O yenye kivuli cha unene mmoja pande zote, huo si ubavu bali ni mkanda, na ndio unaoleta kutetemeka.

Sababu ya pili ni vivuli vya pande mbili. Mtu amechukua jina la kitabu kutoka faili moja na jina la mwandishi kutoka jingine. La juu linapata mwanga kutoka kushoto, la chini kutoka kulia. Chagua upande mmoja, ufute mwingine.

Sababu ya tatu inahusu N, na maneno yetu yamejaa N. Ukisogeza kivuli kulia na chini kwa nyuzi 45 kamili, mshazari wa N unaoteremka kuelekea kulia unakaribia kwenda sambamba na kivuli, na kivuli chake kinakonda mpaka kinatoweka. Nguzo mbili za N zina ubavu, mshazari wake hauna, na neno kama UKOMBOZI WA NAFSI NA NCHI linaonekana lina herufi zilizoinuka na nyingine zilizolala. Usinenepeshe mshazari kwa mkono. Badilisha pembe ya kivuli chote, mathalani nyuzi 30 kutoka mlalo, au kipeleke kushoto na chini.

Hilo la kushoto na chini nalipendekeza kwa moyo wote. Waandishi wa mabango wa Uingereza wamelitumia kwa vizazi, na sababu yake ni ya kikazi: B, D, E, F, K, L, P na R zote zina nguzo iliyonyooka upande wa kushoto, kwa hiyo ubavu unachorwa kwa mstari mmoja safi badala ya kuingia kati ya mikono ya herufi. Kompyuta zetu zimezoea kulia na chini, hivyo itabidi ubadilishe mwenyewe.

Ukiunganisha kona, ukaweka mwanga upande mmoja, ukarekebisha pembe, na bado nakala zilizochapwa zinatetemeka huku faili limetulia kwenye skrini, acha hapo. Hilo sasa ni la mashine, na linaelezwa kwenye dalili ya mstari mweupe hapa chini.

Jina halisomeki, limemezwa

Kwanza angalia kina cha kivuli. Mimi huanza na theluthi moja ya unene wa nguzo ya herufi, na sivuki nusu bila sababu. Kivuli kirefu kuliko nguzo kinajaza matundu ya A, R na E, na ukubwa unapopungua yanabaki madoa.

Pili, nafasi kati ya herufi. Herufi yenye kivuli ni pana kuliko inavyoonekana kwenye fonti, na kompyuta haihesabu upana huo wa ziada. Achanisha herufi mpaka ubavu wa moja usiguse uso wa inayofuata. Mahali pa kuangalia zaidi ni WA, KA, YA na VA, ambapo herufi zenye mishazari zinaingiliana. Kiswahili kinazirudia kila baada ya silabi chache, na fonti nyingi zilitengenezwa na watu ambao hawakuwa na maneno yetu akilini.

Hapohapo kuna ritifaa, ile alama ya ng'. Kwenye NG'OMBE au NG'AMBO alama hiyo ndogo nayo inapata kivuli, na kivuli chake kinaanguka moja kwa moja juu ya bega la O au A inayofuata. Msomaji anaona uchafu. Ongeza nafasi baada ya alama, ipandishe kidogo, na upunguze kina cha kivuli chake hadi nusu ya kile cha herufi nyingine. Hakikisha pia ni alama yenye mkia, maana ile iliyonyooka kama kijiti ikipata kivuli inafanana na I ndogo.

Tatu, rangi zinakaribiana mno. Nyekundu ya damu ya mzee na kijani cha mgomba zinaonekana tofauti kabisa kwenye skrini, lakini ukizigeuza kuwa kijivu zinaweza kuwa kitu kimoja. Kanuni ya kuanzia: uso wa herufi mweupe au wa rangi hafifu, kivuli cheusi au cheusi kiasi, usuli wa kati. Majalada mengi ya zamani yalichapwa kwa wino mbili tu na yalisomeka vizuri, kwa sababu tofauti ya mwanga na giza ilifanya kazi yote.

Nne, na hii si ya mara nyingi, fonti yenyewe. Herufi zenye miguu myembamba kama uzi hazibebi kivuli. Tafuta herufi za nguzo nene. Kuna fonti za bure zilizotengenezwa kwa tabaka, uso peke yake na kivuli peke yake, kama Bungee ya David Jonathan Ross, ambayo inakuruhusu kupaka kila tabaka rangi yake kama vibao vya Page.

Kuna mstari mweupe kati ya herufi na kivuli

Jalada likiwa bado PDF kwenye skrini, kuza picha mara kadhaa. Mstari ukibadilika unene, ukitokea na kupotea, hiyo ni namna programu inavyoonyesha vipande vilivyounganishwa, na kwa kawaida hautachapwa. Ukibaki palepale hata ukikuza mno, upo kweli kwenye mchoro.

Kwenye nakala zilizochapwa, weka nakala kadhaa mezani pamoja. Mstari ukiwa sawa kwenye zote, sababu ni faili. Ukiwa mnene kwenye moja na mwembamba kwenye nyingine, rangi zinapishana kwenye mashine.

Sababu ya kawaida kwenye faili ni kwamba kivuli kimekatwa kikaishia palepale herufi inapoanzia. Karatasi ikisogea unywele mmoja, weupe wake unachungulia. Dawa: kivuli kipite chini ya herufi chote, kisiishie ukingoni. Pale ambapo rangi mbili lazima zikutane, ile hafifu iingie ndani ya ile nzito kwa karibu milimita 0.1. Kivuli kikiwa cheusi tupu, mwombe mchapaji cheusi kichapwe juu ya rangi nyingine bila kuitoboa.

Wapo waliokwepa tatizo hili tangu zamani kwa ujanja mzuri: waliacha pengo la makusudi kati ya herufi na kivuli. Pengo likiwa pana, mashine ikisogea kidogo hakuna anayejua. Kwa kazi ya mashine ndogo iliyochoka, hii ndiyo njia ninayoiamini zaidi.

Sababu isiyo ya faili ni karatasi. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, karatasi iliyofunguliwa na kuachwa wazi inavuta unyevu na kutanuka, na rangi ya pili haikutani tena na ya kwanza. Usimwambie kijana wa mashine akaze hiki wala kile. Simamisha kazi, muite fundi mkuu, na kubali karatasi ikae ndani ya chumba cha mashine kwanza.

Kivuli kimezungukwa na kisanduku

Kwenye skrini kivuli kinayeyuka vizuri juu ya picha ya Kilimanjaro; kwenye karatasi kuna pembenne nyeupe au ya kijivu nyuma ya jina. Mara nyingi jina limehifadhiwa kama JPG, na JPG haina uwazi, inajaza usuli. Chukua faili la asili, au angalau PNG. La pili ni kivuli cha ukungu kilichowekwa juu ya rangi maalumu iliyochanganywa kabla, na mashine ya kutengeneza pleti, yaani bamba linalobeba picha ya kuchapwa, ikakitafsiri vibaya. Geuza rangi zote ziwe za CMYK, yaani wino nne za uchapaji (samawati, majenta, njano na nyeusi), au, na hili ni bora zaidi, ondoa ukungu uweke kivuli chenye kingo. Majalada unayoyaiga hayakuwa na ukungu.

Pleti zikishatengenezwa, usijaribu kubadilisha faili kimyakimya ukitumaini litapita. Piga simu kiwandani kazi isimame.

Herufi nyeupe zimepotea, kivuli kimebaki

Inatisha ukiiona, lakini sababu karibu ni moja. Herufi zilikuwa nyeusi na ziliwekewa agizo la kuchapwa juu ya rangi ya chini. Baadaye mtu akazigeuza kuwa nyeupe, agizo likabaki. Nyeupe haina wino. Ikichapwa juu ya kitu, haifanyi lolote. Fungua sifa za herufi, ondoa agizo hilo, kisha tazama PDF kwa hali inayoonyesha rangi zinavyochapwa juu ya nyingine. Nakala ya majaribio ya printa ya ofisini isikudanganye, nyingi hazifuati agizo hilo, kwa hiyo herufi zitaonekana salama hadi siku ya ofseti, yaani uchapaji wenyewe wa kutumia pleti.

Kivuli kimechafuka, kinaacha alama mgongoni

Kivuli cheusi kilichotoka kwenye picha ya RGB, yaani rangi za skrini, kinageuzwa kuwa mchanganyiko wa wino zote nne. Kwa karatasi ya kung'aa, wachapaji wengi wa ofseti huweka kikomo karibu asilimia 300 ya wino kwa jumla. Ukizidisha, wino haukauki, na jalada la chini linapaka mgongo wa lililo juu yake kwenye rundo. Kwa karatasi isiyong'aa kikomo kiko chini zaidi, maana wino unatambaa. Weka kivuli kiwe nyeusi tupu ya asilimia 100, au rangi moja iliyoiva.

Kivuli cha kijivu nacho kina balaa lake. Ofseti haina wino wa kijivu, inachapa nukta nyeusi. Ubavu mwembamba wa milimita moja ukijengwa kwa nukta, ukingo wake unachakaa kama meno. Tumia rangi kamili, au fanya kama wachongaji wa zamani: jaza ubavu kwa mistari sambamba. Wale waliopiga dhahabu kwenye majalada ya kitambaa ya karne ya 19 hawakuwa na dhahabu ya kijivu, kwa hiyo walichonga mistari kwenye pleti ya shaba, na jicho likaiona kuwa kivuli.

Nimeskani jalada la zamani, herufi zina chenga au mawimbi

Chenga kwanza. Picha imepitia WhatsApp kama picha, ikabanwa. Omba itumwe kama dokumenti, au skani upya: dpi (nukta kwa inchi) 300 kwa picha ya rangi, 1200 kwa mchoro wa rangi moja. Mawimbi yanatokana na nukta za uchapaji wa zamani kugongana na pikseli za skana. Skani kwa dpi 600, tumia chaguo la kuondoa nukta, kisha punguza. Kama unachotaka ni herufi tu, usihangaike kusafisha. Weka skani chini, chora herufi upya juu yake kwa vekta, yaani kwa mistari isiyotegemea pikseli. Kazi ya jioni moja inakupa jina linaloweza kukuzwa hadi bango la ukutani.

Ukiwa unachora upya, usinyooshe kila kitu. Kwenye majalada mengi ya zamani kivuli kimeteleza kidogo upande mmoja. Amua mapema kama unahifadhi mteremko huo au unaurekebisha, na ufanye hivyo kwa herufi zote.

Hapa kuna mipaka miwili ya kutovuka. Kitabu chenyewe kikiwa kizee, usilazimishe mgongo kulala kwenye skana. Kipige picha karibu na dirisha, kwenye mwanga usio wa jua la moja kwa moja. Ngozi ikiwa inaacha unga mwekundu mkononi, au dhahabu inanyanyuka, weka chini. Usitie mafuta ya nazi, spiriti wala kitambaa kibichi, na usibandue selotepu ya zamani. Uliza maktaba ya mkoa wakuelekeze kwa mhifadhi. Mpaka wa pili ni wa haki: uzee wa jalada hauufanyi mchoro kuwa wa wote. Hakimiliki yetu inaendelea miaka mingi baada ya mchoraji kufariki, na kama hujui aliyechora, ulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla ya kuchapa.

Dhahabu imeziba matundu

Kwa dhahabu ya kubandika kwa joto, pengo kati ya herufi na kivuli likiwa jembamba, foili inavuka na kuziba. Panua pengo, kata mistari iwe michache na minene. Sababu nyingine ni joto na mgandamizo, na hizo mwachie fundi mwenye mashine. Pleti moja ikipinda, gharama yake ni kubwa kuliko kazi nzima.

Kivuli kimepauka, herufi zimebaki

Hii inaonekana kwenye vitabu vilivyowekwa dirishani, iwe Barabara ya Sokoine au Double Road, vikipigwa na jua kila siku. Wino wa majenta na njano hupauka kabla ya samawati na nyeusi. Kivuli chekundu kinageuka pinki, na herufi inaonekana inaelea. Kama kitabu kitakaa kwenye mwanga, weka kivuli cheusi au cha bluu iliyoiva, na uwape uso wa herufi na usuli zile rangi zinazoweza kupauka bila kuharibu usomaji. Laminesheni ya kawaida inazuia maji na mikwaruzo, lakini haizuii jua. Na kama nakala zimeshachapwa na zimeshabanwa laminesheni, hakuna marekebisho ya kufanya juu yake kwa kalamu wala rangi. Muulize mchapaji bei ya kuchapa jalada la juu la kuvalisha, yaani karatasi inayozunguka kitabu, lenye jina lililochorwa upya.